Kuendesha VM ya Windows kwenye klasta ya chuo bila root, inawezekana?

MchangaMwekundu (Malindi)

Assalam aleikum wandugu, hodi humu. Naombeni msaada maana hii kitu nimezunguka nayo weee na sijapata pa kushika.

Niko Malindi, kazi yangu ni mchanga wa Sabaki, ule udongo unaoteremka na mto kutoka bara ukamwagwa baharini, nataka kujua unakwenda wapi kila msimu. Wa huku mnajua wenyewe, mvua ikishanyesha sana kule Ukambani mto unakuja mwekundu, na kaskazi ikiwa inavuma ule udongo unasukumwa kusini unaingia kwenye ghuba yetu hadi upande wa matumbawe, kusi ikishika unageuka kuelekea Ngomeni. Ufuo wa hapa mjini umejaa mchanga mpaka mahoteli yaliyojengwa maji yakiwa mlangoni sasa unatembea kitambo ndio uyafikie maji. Hayo ndiyo nataka kuyapigia hesabu vizuri, si kuyakisia.

Tatizo programu ninayotumia kuiga mawimbi na mchanga ni ya Windows peke yake na leseni yake imefungwa kwa namba ya MAC ya kadi ya mtandao. Laptop yangu ina RAM GB 8, nikianzisha modeli moja naiacha usiku kucha, na stima ikikatika betri haifiki mbali. Chuo kimenipa akaunti kwenye klasta yao, yaani kundi la mashine zilizounganishwa, kila moja wanaiita nodi, za kori 32 na RAM GB 128, zote Linux, na kazi zinapangwa foleni na Slurm. Nikasema alhamdulillah, naweka Windows ndani ya VM, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya nyingine, nakimbiza huko. VirtualBox, programu ya kuendesha VM, inataka moduli ya vboxdrv ipakiwe kwenye kerneli, moyo wa Linux, na hiyo bila root, yaani mamlaka yote ya msimamizi wa mashine, haipakiki, Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya kontena, hawana kabisa, nimewaandikia wahusika nikajibiwa kwa sentensi moja kwamba root hapewi mtu, basi, hakuna maelezo mengine.

Kwa hiyo nauliza, kuna njia ya kuendesha VM ndani ya kazi ya Slurm bila root? Leseni ya MAC itakuwaje kama kila mara naangukia nodi tofauti? Na imeji ya Windows, yaani faili yenye diski nzima ya VM, ya karibu GB 40 naipandishaje kutoka huku kwa bando la simu?

KijanaWaMaweni

Dada pole sana. Kabla hujaingia kwenye VM jaribu Wine kwanza, inaendesha programu za Windows juu ya Linux bila Windows yenyewe. Programu nyingi za aina hiyo ni vitu viwili, kuna ile sura yenye vitufe na ramani, na kuna injini ya hesabu ambayo ni programu kavu isiyo na madirisha, inayosoma faili ya maandishi na kutoa faili nyingine. Sura ndiyo inayosumbua chini ya Wine, injini mara nyingi inapita bila shida kwa sababu haichori kitu. Wine haitaki root na inaingia ndani ya kontena ya Apptainer, kifurushi cha programu na vitu vyake vyote, vizuri tu. Unatayarisha modeli kwenye laptop yako, unapandisha faili za maandishi ambazo ni ndogo, injini inakimbia klasta, matokeo unashusha.

Na kama sehemu yako kubwa ni mawimbi, SWAN ya wale wa Chuo Kikuu cha Delft Uholanzi ni programu huria, inakompailiwa kwenye Linux moja kwa moja na inajua kutumia kori nyingi, haitaki leseni ya mtu. Mchanga wenyewe ni hesabu nyingine lakini angalau nusu ya mzigo umeutua.

FundiLangoni (Lamu)

Waaleikum salam dada Mchanga. Alivyosema kijana ni sawa, Wine ijaribu kwanza, ikikubali umeokoka. Ikikataa, VM inawezekana na root huhitaji, ila achana na VirtualBox, chukua QEMU, programu inayoigiza mashine, pamoja na KVM, inayoiwezesha itumie prosesa halisi moja kwa moja.

Sababu ni hii, VirtualBox inakuja na moduli yake ya nje ambayo lazima mwenye mashine aipakie, KVM yenyewe imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo 2.6.20 la mwaka 2007, kwa hiyo nodi nyingi tayari zinayo hata kama hakuna anayeitumia. QEMU ni programu ya kawaida, mtumiaji yeyote anaiwasha, inachotaka ni ruhusa ya kusoma na kuandika kwenye kifaa kimoja tu, /dev/kvm. Si root. Hilo ndilo neno la kuwaambia wale wa klasta, maana ukiwaandikia "nataka kuendesha VM" wanasikia "nataka root" na mazungumzo yanaishia hapo.

Angalia hivi, na usiangalie kwenye nodi ya kuingilia kwa sababu mara nyingi hiyo yenyewe ni VM na haikuonyeshi hali halisi. Omba nodi ya kazi kwa `srun --pty bash` halafu andika `ls -l /dev/kvm`. Kama haipo kabisa basi ama virtualization imezimwa kwenye BIOS ama moduli haijapakiwa, yote mawili ni ya admini. Ukiona `crw-rw-rw-` umeshapita, endelea. Ukiona `crw-rw----` na mwenyewe ni `root kvm`, inabidi waweke akaunti yako kwenye grupu ya kvm au wakufungulie kwa njia nyingine. Bila KVM QEMU itawaka bado, lakini itaiga kila amri ya prosesa kwa programu, na kwa hesabu zako hizo ni afadhali ubaki na laptop.

Na tafadhali sana VM isiwashwe kwenye nodi ya kuingilia hata kwa dakika chache za majaribio. Nodi ile ni gati la Mokowe, watu wanapitia kwenda zao, hakuna anayetandika mkeka pale. Siku moja mtu akiweka VM ya RAM GB 16 pale, kila mwenye kuingia kuhariri faili anakwama, na sheria ngumu zinatungwa zinatuumiza sote.

Imeji usiipandishe kutoka Malindi. Ijenge huko huko. Klasta ina laini nzuri kuliko yako, shusha ISO ya Windows moja kwa moja kwenye klasta kwa wget, na ISO ya virtio-win pia, hiyo ya pili ina draiva, bila hiyo Windows ikiwa inasakinishwa itakwambia haioni diski yoyote na utadhani umeharibu kitu, kumbe unatakiwa ubonyeze "Load driver" uichague viostor. Tengeneza diski kwa `qemu-img create -f qcow2 msingi.qcow2 60G`, hiyo 60 ni kikomo tu, faili inaanza ndogo inakua kadiri unavyojaza.

Kuona skrini utatumia VNC, na hapa watu wengi wanajiacha wazi. Ukiandika `-vnc :5` umeifungua skrini yako kwa mtandao mzima wa klasta bila nenosiri. Ukiandika `-vnc 127.0.0.1:5` ni afadhali, lakini nodi mnaitumia wengi, mwenzako mwenye kazi kwenye nodi hiyo hiyo naye anaifikia 127.0.0.1. Andika `-vnc unix:/tmp/jina/v.sock` ndani ya folda uliyoifunga kwa chmod 700, halafu kwenye laptop `ssh -J nodi_ya_kuingilia -L 5905:/tmp/jina/v.sock nodi_ya_kazi` na VNC yako unaielekeza localhost:5905. OpenSSH inajua kuelekeza kwenye soketi ya faili, si poti tu. Klasta nyingi zinakuruhusu ssh kwenye nodi ya kazi muda tu una kazi inayokimbia pale. Njia ya soketi iwe fupi, haikubali zaidi ya herufi 107 hivi na kosa lake halieleweki.

Leseni ya MAC ndiyo nyepesi kuliko zote. Kadi ya mtandao ndani ya VM ni ya kuchora, namba yake unaiandika wewe, `-nic user,model=virtio-net-pci,mac=52:54:00:ab:cd:ef`, na itabaki hiyo hiyo ukiangukia nodi yoyote. Usipoandika, QEMU inatoa 52:54:00:12:34:56 kila mara. Ila waandikie wenye programu wakupe leseni ya hiyo MAC mpya na uwaambie wazi ni VM, usinakili MAC ya laptop ukanyamaza, hiyo siku ya kuchapisha utafiti inaweza kukurudia. Na Windows yenyewe iwe na leseni yake.

MchangaMwekundu

Jamani shukran, nimejaribu yote leo. Wine injini inawaka, inasoma faili, ikifika kwenye kuhakiki leseni inakufa, haioni kadi inavyotaka. Basi hiyo imegonga mwamba. SWAN nimeishusha naisoma, asante kijana, hiyo nitaitumia kuhakiki mawimbi hata kama VM itakubali.

/dev/kvm ipo kwenye nodi za kazi lakini ni `crw-rw---- root kvm`. Kwa hiyo nawaandikia tena. Nataka niwaandikie nini hasa ili wasinifungie mlango? Na qemu naiona haipo, nikiandika qemu-system-x86_64 inasema haijulikani.

MwanaWaFaza

Mimi mzaliwa wa Faza lakini naishi bara, nasimamia klasta, si hiyo ya dada, nyingine. Niwaeleze kinachotutia hofu sisi tulio upande huu ili muandike barua inayojibu hofu yenyewe.

Ndani ya VM yako wewe ni root. Hilo peke yake si tatizo, root wa ndani hana nguvu nje, kwa mwenyeji, yaani nodi yenyewe, QEMU ni prosesi ya mtumiaji fulani tu. Tatizo linaanza VM ikiunganishwa kwenye mtandao wa klasta kwa briji ikapata anwani yake yenyewe. Klasta nyingi zinagawa folda za nyumbani kwa NFS ya kawaida, njia ya kushiriki faili kupitia mtandao, na NFS hiyo inaamini mashine, mashine ikisema "mimi ni mtumiaji namba 1042" inapewa faili za 1042. Sasa mtu mwenye root ndani ya VM iliyo kwenye mtandao huo akifanikiwa kuipachika NFS anaweza kujiita namba yoyote anayotaka. Kwa hiyo tukisikia VM tunaona faili za watu wote ziko wazi, na hatutaki hata kuendelea kusoma barua.

Mtandao wa aina ya user ambao FundiLangoni ameuandika hapo juu unaondoa hilo kwa sehemu kubwa. VM haipati anwani ya klasta, inapata 10.0.2.15 ya ndani kwa ndani, na kila inachotuma kinatoka nje kama muunganisho wa prosesi yako wewe, kwenye poti kubwa za watu wa kawaida. Seva ya NFS iliyoachwa na mipangilio yake ya kawaida inakataa anayetoka poti ya 1024 kwenda juu. Ukiongeza `restrict=on` VM haitoki nje kabisa, inabaki na ile poti tu uliyoifungua wewe kwa hostfwd. Na hiyo hostfwd andika `tcp:127.0.0.1:2222-:22`, ukiacha nafasi ya anwani wazi inasikiliza kwenye kadi zote za nodi.

Dada, andika hivi: unahitaji kusoma na kuandika /dev/kvm tu, hutaki root, hutaki briji wala tap (njia za kuiunganisha VM moja kwa moja na mtandao wa klasta), mtandao ni user na restrict, VM itakimbia ndani ya kazi ya Slurm yenye kikomo cha RAM, kori na muda, na ikifika mwisho wa muda itajizima. Waambie kama wanaogopa kufungua nodi zote wafungue mbili tatu waziweke kwenye patishoni yake, yaani fungu lake la nodi. Mimi nikipata barua kama hiyo siku hiyo hiyo naijibu, kwa sababu naona mtu ameshafikiria jirani zake.

QEMU ikiwa haipo, angalia kwanza /usr/libexec/qemu-kvm, familia ya Red Hat wanaificha huko nje ya PATH, orodha ya folda ambako amri zinatafutwa. Kama hakuna, tengeneza kontena ya Apptainer yenye QEMU ya Debian ndani yake. Apptainer inaachia /dev ya mwenyeji ionekane ndani kwa kawaida, kwa hiyo /dev/kvm utaiona, na ndani ya kontena unabaki mtumiaji yule yule uliyekuwa nje, ndiyo maana sisi tunaikubali na Docker tunaikataa. Kumwingiza mtu kwenye grupu ya docker ni sawa na kumpa root.

JahaziLaMkomani (Lamu)

Mimi nina neno tofauti kidogo wandugu. Kwa nini mnajitesa na foleni ya watu wengine? Hapa Lamu ofisini kwetu tuna vimashine vitatu vidogo, tumeviletea kwa boti kutoka Mokowe, juu yake Proxmox, mfumo wa kusimamia VM, kila idara ina VM yake, inakaa mwaka mzima imewaka. Hakuna Slurm hakuna barua.

Yako ya kuangalia ni mengine tu. Klasta ya Proxmox inaenda kwa wingi wa kura, vikiwa vitatu lazima viwili vionane, kwa hiyo tulichotia kwenye UPS kwanza si mashine bali swichi, kwa sababu swichi ikizima kila kimoja kinajiona kiko peke yake, na kama umewasha HA, ile ya kuhamishia VM kwingine mashine ikianguka, kinajizima na kuwaka upya baada ya dakika moja hivi, vyote vitatu kwa pamoja. Jingine ni hewa ya bahari. Ukifungua kimashine kilichokaa karibu na dirisha unakuta meno ya RAM yameota utandu wa kijani, kinaanza kugoma bila sababu, ukiyasugua kwa kifutio cha penseli kinaamka. Sasa tumeviweka chumba cha ndani, kuta za mawe ya matumbawe zile nene, joto halipandi sana na upepo wa chumvi haufiki.

FundiLangoni (Lamu)

Jahazi nduguyangu, hivyo vyenu ni kwa kazi nyingine na mmevitunza vizuri mashallah. VM za ofisi, kila moja inalala muda mwingi, kwa hiyo mnaweza kugawa kori ambazo hamna, mkaahidi kori 30 kwenye mashine ya kori 8 na hakuna atakayejua. Hesabu za dada hazilali. Kori alizopewa zinakimbia asilimia mia usiku na mchana, akizikopa kwa mwenzake wote wawili wanachelewa. Na RAM haikopeki hivyo kabisa, ikijaa imejaa, kerneli inachagua prosesi ya kuua na mara nyingi iliyonona kuliko zote ni VM. Kwa hesabu za muda mrefu foleni ni rafiki, ukipewa kori 8 ni zako peke yako mpaka muda wako uishe.

Dada, kuhusu kazi yenyewe ya Slurm. Ukitaka VM ya RAM GB 16 usiombe `--mem=16G`. QEMU yenyewe inakula juu ya ile ya mgeni, yaani Windows iliyo ndani, omba 18 au 20, ukibana sana Slurm inaiua na kwa Windows iliyo ndani ni sawa na kung'olewa waya ukutani. Kori zilingane, `--cpus-per-task=8` na `-smp 8,sockets=1,cores=8,threads=1`, hiyo sehemu ya sockets usiiache, QEMU za zamani zinafanya kila kori kuwa soketi yake na Windows ya Home inakubali soketi moja tu, Pro mbili, utakuta umeomba kori 8 na inatumia 2 na huelewi kwa nini. Weka `-cpu host` ili hesabu zitumie amri zote za prosesa halisi.

Diski, imeji ya msingi ukishaisakinisha na kuweka programu, izime vizuri, ipige chmod 444, usiiguse tena. Kila kazi itengeneze tabaka lake jembamba juu yake kwenye diski ya ndani ya nodi, `qemu-img create -f qcow2 -F qcow2 -b /home/wewe/msingi.qcow2 $TMPDIR/leo.qcow2`. Windows inaandika andika vitu vidogo vidogo muda wote, ukiyaacha hayo yaende kwenye NFS unamchelewesha kila mtu, yakienda diski ya ndani hayamgusi mtu. Ila diski hiyo inafutwa kazi ikiisha, kwa hiyo matokeo uyatoe kabla. Windows 10 na 11 zina OpenSSH ya kuwasha ndani ya mipangilio, iwashe ingia kwa ufunguo si kwa nenosiri, utoe matokeo kwa scp kupitia ile poti ya 2222. Mkiangukia nodi moja na mwenzio mwenye 2222 yake itagoma, bora skripti iikokotoe poti kutoka namba ya kazi.

Mwisho wa muda ndio unaopuuzwa na wengi. Muda ukiisha Slurm inatuma TERM, signali ya kuomba programu ijifunge, na baada ya sekunde kama 30 inatuma KILL, inayoiua papo hapo. QEMU ikipata TERM inajifunga yenyewe papo hapo, haimwambii Windows kitu. Kwa hiyo omba taarifa mapema, `#SBATCH --signal=B:USR1@600`, hiyo ni dakika kumi kabla, halafu kwenye skripti:

`trap 'echo system_powerdown | socat - UNIX-CONNECT:$TMPDIR/m.sock' USR1`
`qemu-system-x86_64 ... -monitor unix:$TMPDIR/m.sock,server,nowait &`
`PID=$!`
`wait $PID`
`wait $PID`

Wait ziko mbili kwa makusudi. Signali ikiingia ile ya kwanza inakatizwa na bash inaendelea mstari wa chini, kama hakuna ya pili skripti inaisha na Slurm inafagia kila kitu huku Windows ndiyo kwanza inaanza kujizima. Ndani ya Windows uhakikishe kitufe cha power kimewekwa kuzima, si kulala. Na kwa vile umeweka restrict=on haitaanza kushusha masasisho wakati unataka izime.

MchangaMwekundu

Wandugu Mungu awalipe. Niliandika barua kama alivyosema kaka wa Faza, neno kwa neno karibu, na wamenijibu vizuri sana safari hii, wamefungua /dev/kvm kwenye nodi chache kwa patishoni yake na wakaniuliza kama wawape na wengine maelezo hayo. QEMU nimeipata kwa kontena. Windows nimeisakinisha nikiwa nimekaa hapa Malindi, VNC ilikuwa nzito kwenye bando langu, mausi inafika baada ya mimi, lakini hiyo ni mara moja tu, sasa kila kitu ni ssh.

Wenye programu wamenipa leseni ya MAC mpya, wameniambia VM hawana shida nayo lakini mwisho ni nakala mbili kwa wakati mmoja. Modeli ya msimu wa kaskazi iliyokuwa inanila usiku kucha nimeiwasha alfajiri na kabla ya adhuhuri imeisha, na nimeweka gridi yenye macho madogo zaidi mdomoni pa mto, kitu ambacho laptop ilikuwa haiwezi hata kukibeba.

Swali la mwisho, nina hali nyingi za kujaribu, upepo tofauti, mto ukiwa na udongo mwingi na mdogo. Nataka kuzipanga foleni zote kwa pamoja nisiwe nakaa naziwasha moja moja. MAC ikiwa moja kwenye VM mbili zinazokimbia sambamba hazitagongana? Na nitahakikishaje hazizidi mbili?

FundiLangoni (Lamu)

Mabruk dada. Hazigongani, kila QEMU yenye mtandao wa user imejitenga na mtandao wake, hazionani hata zikiwa nodi moja. Wala imeji ya msingi haitagombaniwa, kwa kuwa tabaka za juu ni tofauti na ya chini inasomwa tu. Ungejaribu kufungua faili moja ya qcow2 kwa kuandika mara mbili QEMU ingekataa yenyewe.

Kwa kikomo cha mbili tumia array, yaani kazi nyingi zinazofanana kwa agizo moja, `#SBATCH --array=1-24%2`, hiyo %2 inaiambia Slurm isiachie zaidi ya mbili kwa wakati mmoja, nyingine zinangoja. Ndani ya skripti `$SLURM_ARRAY_TASK_ID` ndiyo inachagua faili gani ya hali ipandishwe kwenye VM. Na ile poti iongezee namba hiyo hiyo.

MwanaWaFaza

Naongeza dogo, ukiwa na zote hizo omba muda ulio karibu na ukweli, usiombe siku tatu kwa kazi ya saa sita. Slurm inajaza nafasi tupu kwa kazi fupi zilizoko nyuma ya foleni, ukisema ukweli unapita mbele bila kumdhulumu mtu.

MchangaMwekundu

Nimeweka saa nane kwa kila moja, ya kwanza na ya pili zimeshaanza. Za kusi ndizo zinafuata, na nikipata ramani ya udongo unavyoelekea Ngomeni naileta hapa muione, hasa wavuvi mtakaokuwepo mniambie kama inafanana na mnavyoyaona maji.